Skrubu ya Mkia na Magoti Kumi na Mawili

Siku ya ile chai ya kuniaga, mmoja wenu alisimama akasema nimekaa karakanani miaka mingi kuliko umri wake, na nyote mkacheka. Kisha mkaniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Sijasahau lolote. Ila sasa nimestaafu, mikono haina kazi, na jirani yangu hapa mtaani Jericho, Nairobi, amechoka kunisikia nikimweleza kwamba sehemu ya mia ya milimita ni kitu kikubwa. Kwa hivyo nawaandikia ninyi, mnaolazimika kukubali.

Habari za vyeo sitaziandika. Nitaandika juu ya holda. Mteja akija karakanani tunamwonyesha mashine, kompyuta yake na mlango wake wa kioo, naye anatikisa kichwa kwa heshima. Hakuna anayeuliza kuhusu kile kipande cha chuma kinachokaa kati ya mashine na kisu. Mashine yaweza kuwa mpya kabisa, kisu kikawa kikali kama wembe, lakini kama holda haikukaa sawasawa, unachofanya ni kuchonga makosa kwa kasi kubwa.

Nilianza kazi nikitoka chuo cha ufundi. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, aliyekuja Nairobi kutoka Bungoma akapewa nyumba ya chumba kimoja, kwa hivyo harufu ya grisi niliizoea kabla ya harufu ya manukato. Asubuhi ya kwanza nilitembea kutoka Jericho, nikavuka Barabara ya Jogoo, nikafika eneo la viwanda saa moja kasoro. Nilidhani nitapewa mashine. Nilipewa kitambaa.

Aliyenipa ni Mzee Dahir, mtunza stoo ya zana. Alikuwa mwembamba, kofia yake nyeupe haikuwahi kupata doa la mafuta, na miwani yake ilifungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Aliweka holda moja mbele yangu.

“Futa,” akasema.

Nikafuta.

“Futa tena.”

Nikafuta tena, mara hii nikiwa na hasira kidogo.

“Sasa pitisha kidole kwenye koni. Unasikia nini?”

“Sisikii kitu, Mzee.”

“Basi hapo ndipo tunapotaka. Siku ukisikia kitu, hata chembe moja, usiiweke kwenye mashine.”

Nilifuta holda siku tatu. Siku ya nne nilianza kuzielewa. Upande wa juu ni koni, inayoingia ndani ya spindo, yaani ule mhimili wa mashine unaozunguka. Katikati ni shingo pana yenye mfereji, ambapo mkono wa mashine huishika inapobadilishwa. Kwenye shingo hiyo kuna mapengo mawili, na ndani yake huingia meno ya spindo ili kuizungusha. Chini ni mdomo, unaoshika kisu.

Koni ndiyo iliyonishangaza. Mashine za zamani za kutoboa, zile nilizofundishwa chuoni, koni yake ni nyembamba. Ikiingia inakwama, na kuitoa unahitaji nyundo na maneno mabaya. Koni ya mashine hizi za kompyuta ni pana, na imepanuliwa hivyo makusudi ili isikwame. Ndiyo maana mashine inaweza kutoa holda moja na kuweka nyingine kabla hujamaliza kupiga chafya. Lakini kitu kisichokwama lazima kivutwe muda wote kisianguke. Kwa hivyo juu kabisa ya koni hufungwa kipande kifupi chenye kichwa kama kitufe kinene. Ndani ya spindo kuna makucha yanayokishika kichwa hicho na springi zinazokivuta juu kwa nguvu ya ajabu. Sisi tulikiita skrubu ya mkia. Kinatosha kwenye kiganja cha mtoto, na kisa chote ninachotaka kuwasimulia kimetokana nacho.

Mashine mpya ya kompyuta ilipofika, Mzee Dahir alisema macho yake hayatamruhusu kuhudumia holda zake peke yake, akanikabidhi mimi. Kazi yangu ikawa kuzifunga skrubu za mkia, kuweka visu, kupima urefu, na kupanga kila holda mahali pake. Aliyeendesha mashine na kuandika programu zake alikuwa Otieno, kijana mrefu kutoka Njiru aliyekuwa akiimba huku mashine ikikata, na ambaye hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa Sista, basi.

Asubuhi moja nilifunga skrubu ya mkia nikiwa na haraka. Sikuikaza vya kutosha. Mashine ilipokuwa katikati ya kazi ikalegea, holda ikayumba, kisu kikavunjika, na kipande chake kikagonga kioo cha mlango mbele kabisa ya uso wa Otieno. Kioo hakikupasuka. Kilibaki na alama nyeupe, kubwa kama sarafu, katikati ya mahali macho yake yalipokuwa.

Otieno alizima mashine, akageuka.

“Sista, leo ungenizika,” akasema. Alikuwa anacheka, lakini alisogea mbali na kioo.

Siku hiyohiyo nilitafuta bomba la maji, urefu wake kama mkono wangu, nikalichomeka kwenye mpini wa spana. Sasa nilikuwa na nguvu ya watu watatu. Nikaanza kukaza kila skrubu ya mkia mpaka viatu vinateleza sakafuni. Nikajiambia hakuna holda itakayolegea tena mikononi mwangu, na kweli haikulegea. Nilijivunia bomba lile kama watu wanavyojivunia gari.

Miezi michache baadaye akaja Bi. Saumu. Alikuwa mtengenezaji wa miguu ya bandia, mwanamke mnene, mchangamfu, aliyevaa buibui na raba za kukimbilia. Alitoa goti kwenye mfuko wa mkate, akaliweka juu ya meza.

“Hili lilitoka ng’ambo,” akasema. “Limechakaa, na jingine kama hili silipati. Nataka kumi na mawili. Kuna watu kumi na wawili wamekaa nyumbani wakinisubiri mimi, na mimi nawasubiri ninyi.”

Lilikuwa goti la alumini, lenye masikio mawili marefu kama uma. Pini ilipita kwenye sikio hili ikatokea kwenye lile, na mguu ukajikunja hapo. Bi. Saumu alilishika akalikunja na kulikunjua karibu na sikio langu. Likafanya tik.

“Umesikia?” akaniuliza. “Hiyo ni pini inacheza ndani ya shimo. Mtu akiwa anashuka ngazi, hiyo tik inakuwa hatua nzima. Anaanguka.”

Kwa sababu ya masikio yale marefu, kisu kilihitaji kufika mbali, kwa hivyo tulitumia holda ndefu, ndefu kuliko zote tulizokuwa nazo. Otieno aliandika programu, nikafunga holda, tukachonga goti la kwanza. Tulipochomeka pini, ilicheza. Shimo lilikuwa kubwa kuliko lilivyopaswa, kwa unene wa unywele, na kuta zake zilikuwa na mawimbi madogo ambayo kucha iliyasikia. La pili likatoka hivyohivyo. Tukabadilisha kisu. La tatu likawa baya zaidi.

Meneja wetu, Bwana Karanja, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetaka jibu kabla ya chakula cha mchana. Aliniambia niipime spindo. Nikaifuta, nikaweka saa ya kupimia, ambayo mshale wake husogea kitu kikiyumba, ndani ya koni yake, nikaizungusha taratibu kwa mkono. Mshale haukusogea.

“Mashine ni nzima,” nikamwambia.

“Kisu je?”

“Ni kipya.”

Bwana Karanja akamgeukia Otieno. Mimi nilikuwa nimesema ukweli mtupu, lakini nilikuwa pia nimemwacha Otieno amesimama peke yake.

“Bosi, hii programu nimeicheki mara kumi,” Otieno akasema. “Namba ni zilezile. Shimo linatoka kubwa, lakini namba haivimbi.”

“Una mpaka Ijumaa,” Bwana Karanja akamjibu. “Magoti yasipotoka sawa, nitatafuta mtu anayejua kuandika.”

Otieno hakuimba tena wiki ile. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akisoma mistari ileile, akihama kutoka juu mpaka chini, na mkewe ndiyo kwanza alikuwa amejifungua. Nilimletea chai, akasema asante, hakuinywa.

Jumatano nilikwenda stoo kwa Mzee Dahir. Sikwenda kumtetea mtu, nilikwenda kulalamika. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

“Hiyo spindo umeipima ikiwa tupu. Umeipima ikiwa na holda?”

Sikuwa nimefanya hivyo. Tukarudi pamoja. Niliweka ile holda ndefu, nikagusisha saa kwenye ncha ya kisu, nikazungusha. Mshale ukaenda, ukarudi, ukaenda. Nikaweka holda nyingine, fupi, ukaenda kidogo. Nikaweka holda moja kuukuu ambayo sikuwa nimeigusa tangu zamani. Mshale ukalala.

Mzee alichukua ile ndefu, akaipeleka stoo. Alikuwa na kikombe cha chuma kilichochongwa ndani kwa umbo lilelile la spindo, cha kukagulia koni. Akanipa kopo la wino wa buluu.

“Paka kidogo. Kidogo nimesema, hii si siagi.”

Nikapaka koni nzima wino mwembamba, nikaichomeka kwenye kikombe, nikaizungusha kidogo, nikaitoa. Mahali koni inapogusa, wino hufutika. Kwenye holda nzima, hufutika kuanzia juu mpaka chini. Kwenye hii ulifutika pete moja tu, nyembamba, juu kabisa karibu na skrubu ya mkia. Kwingine kote wino ulikuwa umekaa kama nilivyoupaka. Holda ilikuwa imeshikwa upande wa juu pekee, na upande wa chini, unaobeba kisu, ulikuwa unaelea.

“Imechongwa vibaya kiwandani,” nikasema.

“Labda,” akasema Mzee. “Nionyeshe unavyoifunga skrubu yake.”

Nilifurahi kuonyesha. Nilifunga holda kwenye jiliwa, nikachomeka bomba langu kwenye spana, nikaegemea kwa uzito wangu wote kama kawaida. Mzee aliangalia bomba, akaniangalia mimi, akaangalia bomba tena.

“Sasa ifungue,” akasema. “Itoe kabisa. Halafu pima tena kwa wino.”

Nikafungua. Nikafuta, nikapaka, nikachomeka, nikatoa. Wino ulikuwa umefutika koni nzima, juu mpaka chini.

Nilikaa kwenye kreti. Nilielewa kabla hajanieleza. Juu ya koni, pale skrubu ya mkia inapoingia, chuma ni chembamba kwa sababu kimetobolewa katikati. Ukikaza kupita kiasi, nyuzi za skrubu zinakisukuma kile chuma nje, na koni inavimba. Inavimba kidogo mno, jicho halioni, kidole hakisikii. Lakini spindo inasikia. Na holda ikiwa fupi, kosa hilo halifiki mbali, ikiwa ndefu linakua kadiri kisu kinavyokwenda mbali na mashine, mpaka linatokea kwenye goti la mtu.

“Nimezikaza zote hivi,” nikasema. “Zote, Mzee. Tangu ile siku ya kioo.”

“Uliogopa,” akasema. “Ni haki yako kuogopa. Lakini hukuniuliza.”

Nilifikiri haraka, na nawaambia ukweli kwa sababu hilo ndilo lililonifanya niandike. Nilifikiri kwamba ningeweza kuzifungua holda zote siku ileile na kuzikaza upya kwa kiasi. Ijumaa magoti yangetoka sawa. Otieno angebaki na kazi yake, na mimi na jina langu. Nilimwambia Mzee.

“Kwa nini tusizirekebishe tu?”

“Holda zitapona,” akasema Mzee Dahir, akiwa anafunga kopo la wino. “Ila kijana atabaki anadhani kuna kosa aliandika, na kila mtu hapa atadhani hivyo. Atalitafuta kosa hilo maisha yake yote.”

Nilichukua holda mkono mmoja, bomba mkono wa pili, nikapanda ngazi hadi ofisini. Nilimkuta Bwana Karanja, na nikamwomba amwite Otieno ili nisiseme mara mbili. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, lakini nikafika mwisho.

Bwana Karanja aliligeuzageuza lile bomba.

“Nekesa, unaniambia shida yetu yote ni kwamba una nguvu nyingi?”

“Ndiyo, bosi.”

“Na spindo, ambayo nimeshaanza kuulizia mbadala wake?”

“Haina kosa.”

“Na programu?”

“Programu ni sawa. Ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza.”

Otieno alikuwa amesimama mlangoni. Nilimgeukia. “Nisamehe,” nikasema. “Nilipopima spindo nilipaswa kuendelea kupima. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani mimi siwezi kuwa kosa.”

Aliondoka akashuka ngazi, na nilisikia hatua zake mpaka chini.

Nilitolewa kwenye holda. Wiki tatu nilikata vyuma kwenye msumeno, kazi ambayo hata mlinzi wa getini angeiweza, na nadhani Bwana Karanja alikusudia nilijue hilo. Mzee Dahir alikaza skrubu zote upya, kwa spana fupi na mkono aliouzoea, akipima kila moja kwa wino. Holda nyingi zilirudi katika hali yake. Tatu zilikuwa zimevimba moja kwa moja, zikatupwa.

Ijumaa ile Otieno alichonga goti jipya kwa programu ileile, bila kubadilisha hata nukta. Pini iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, ikakaa. Sikuwepo mezani, nilikuwa kwenye msumeno, lakini nilimsikia akiimba.

Wiki ya tatu alikuja nilipokuwa. Alisubiri mpaka msumeno umemaliza kukata, akanyoosha mkono.

“Sista, ile bomba iko wapi?”

Nikampa. Akaliweka kwenye msumeno, akalifunga, akabonyeza kitufe. Tukasimama bega kwa bega tukiliangalia likikatika. Alilikata vipande vitano, akavitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, kisha akajifuta mikono.

“Sasa twende unifundishe ile stori ya wino,” akasema. “Mimi nimekuwa nikiandika programu miaka yote hii na sijui kisu changu kinashikwa na nini.”

Huo ndio ulikuwa msamaha wake, na kwa kweli ulizidi niliostahili.

Bi. Saumu alikuja kuchukua magoti kumi na mawili. Hakuangalia alama wala rangi. Alichukua moja moja, akalikunja na kulikunjua karibu na sikio lake, macho amefumba. Alifanya hivyo mara kumi na mbili huku sote tumesimama kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani. La mwisho alilirudia mara mbili.

“Hayasemi kitu,” akasema, akayafunga kwenye leso. Baada ya mwezi alirudi kutaka mengine, na akaja na bwana mmoja muuza nguo kutoka mtaa wa Fedha, mwenye goti letu moja mguuni, aliyepanda ngazi za ofisi yetu na kuzishuka, kisha akazipanda tena bila mtu kumwomba. Niliziangalia zile ngazi nikakumbuka nilivyozipanda mimi.

Baada ya hapo tulinunua spana ya kupima nguvu, ile inayolia ukifika kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Ikilia, acha. Wengi wenu mna tabia ya kuisikia ikilia kisha mnaongeza kidogo, “ya usalama.” Nimewaona. Hiyo ya usalama ndiyo iliyovimbisha holda zangu.

Tangu hapo nimeona holda za kila aina. Zipo za koleti, ile pete ya chuma yenye mipasuo, zinazobana kisu pande zote kwa nati. Ni nzuri, mradi mfute ndani ya koleti kama mnavyofuta nje, maana chembe moja ya alumini ndani yake ni sawa na jiwe ndani ya kiatu. Zipo za skrubu ya ubavuni, ambazo hazitaachia kisu kamwe, ila zinakisukuma upande mmoja, kwa hivyo ni za kazi nzito, si za kazi ya usahihi. Zipo zinazobana kwa mafuta yaliyofungiwa ndani, na zipo zinazopashwa moto zikapanuka, kisu kikaingia, zikapoa zikakikumbatia. Hizo za moto zilipofika nilizipenda kuliko zote, kwa sababu hazina mahali pa mtu kuonyesha nguvu zake. Na mkiona holda imetobolewa kishimo ubavuni kisicho na kazi, msidhani ni kasoro. Chuma kimetolewa pale ili izunguke bila kutikisika. Aliyeichora alifikiria hata uzito wa kitu kisichokuwepo.

Chagueni fupi kila mara kazi inaporuhusu. Futeni. Pimeni holda ikiwa ndani ya mashine, wala si spindo tupu. Na mtu akiwaambia namba haivimbi, msikilizeni.

Niliporudishwa kwenye holda niliomba jambo moja, nalo mmelikuta mkadhani ni kanuni ya kiwanda. Kila holda ina kibati kidogo mahali inapokaa stoo, chenye jina la aliyeikaza mwisho. Bwana Karanja aliuliza kama ninataka kuwaaibisha watu. Nilimwambia nataka wajulikane, ili lawama ikitokea isimwangukie aliyesimama karibu.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya chai yenu, niliingia stoo nikaikaza holda moja ndefu, ya kazi itakayoanza Jumatatu. Spana ililia, nikaacha. Nilipima kwa wino, nikaifuta, nikaiweka mahali pake. Kibati chake kimeandikwa Nekesa. Ikiwaletea shida yoyote, msimuulize mtu mwingine. Njooni Jericho, mniulize mimi.